Biira, Binti wa Bwambale, P.7

Kila Ijumaa jioni barua ya hedimasta ilifika barazani kwa Asanasio Bwambale, fundi viatu wa soko la Bwera, na kila Ijumaa aliyeisoma alikuwa mtoto wake Biira Phionah. Asanasio aliachia shule P.3, darasa la tatu. Barua iliandikwa Kiingereza, katika shule ambayo nusu ya wazazi hawawezi kusoma hata kibao cha barabarani, lakini hedimasta alikipenda Kiingereza na wazazi hawakuulizwa wanapenda nini. Basi Phionah alisimama kando ya rundo la matairi, mkoba mgongoni, akapitisha macho kwenye mstari mmoja, kisha akausema kwa Kiswahili ili baba asikie, na Mama Jeanine aliyeuza mawese pale jirani asikie pia.

"Namba moja. Anasalimia wazazi wote kwa jina la Bwana."

"Tumesalimika," Asanasio alisema, sindano mdomoni. "Endelea."

"Namba mbili. Choo kipya cha wasichana imekwisha."

"Mlango iko?"

"Mlango bado, baba."

"Basi haijakwisha. Endelea."

"Namba tatu. Timu ya mpira ilishinda, tatu kwa moja. Na anashukuru wazazi kwa mahindi ya uji."

"Uji munakunywa na sukari?"

"Bila."

Mama Jeanine alicheka mpaka funeli ya mawese ikatikisika mkononi. "Sukari, Papa Phionah, njo ile iko mu tumbo ya hedimasta! Hujaona vile shati inakataa kufunga?"

Hata Asanasio alitabasamu, kitu ambacho hakufanya mara nyingi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri kiatu cheusi cha mtoto wake alicheka pia.

"Namba nne," Phionah alisema. Kisha akaisogeza barua karibu na macho.

"Namba nne imefanya nini?"

Msichana alisoma tena, midomo ikichezacheza. Alipotoa sauti, ilikuwa sauti ya darasani, iliyonyooka, kana kwamba ameambiwa asimame asomee wenzake. "Anasema watu wa afya wametoa majina ya waliokaa na mgonjwa wa ebola kule ng'ambo, Congo. Kwa hiyo Biira, binti wa Bwambale, wa P.7, asikanyage shule siku ishirini na moja kuanzia leo. Wazazi wasiwe na wasiwasi. Shule ni salama."

Asanasio alitoa sindano mdomoni. "Wewe umevuka lini?"

"Sijavuka, baba. Tangu tuzike mama sijavuka mto."

"Sijakuuliza kwa ubaya."

"Najua." Alikunja barua mara mbili, halafu mara ya tatu. "Mtihani wa kumaliza P.7 ni Jumatatu ya wiki ijayo ile ingine. Siku kumi. Baba, siku ishirini na moja inapita mtihani."

Mwanamke wa kiatu alikuwa ameshasimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wanne nyumbani, na barua ilikuwa na stempu, muhuri wa shule. "Baba Phionah, nirudishie tu hicho. Nitakuletea siku ingine."

"Nimeshashona upande mmoja."

"Hata hivyo."

Alinyoosha mkono kukipokea, kisha akaurudisha. Alifungua mfuko wa plastiki kwa ncha za vidole viwili, akaushika mbali na kifua, akangoja Asanasio akitumbukize kiatu ndani mwenyewe.

*

Kwa Wakonzo, watu wa Bwera, mtoto hachaguliwi jina, anazaliwa akilikuta. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira. Ndiyo maana ukisimama katikati ya soko la Bwera siku ya Ijumaa ukaita Bwambale, watageuka wanaume arobaini na baadhi ya mbuzi. Jina la kanisani linaongezwa baadaye, lakini wale walioandika orodha mpakani waliandika kama watu wanavyoitana nyumbani. Na hedimasta, aliyesoma mpaka chuo, alisoma orodha akaishia hapo hapo.

Jumamosi asubuhi Immy, dada mkubwa wa Phionah, alishuka kwenye gari la mizigo akitokea Kikorongo, alikokuwa akiuza gonja, ndizi za kuchoma, kwa abiria wa mabasi. Yeye ndiye Masika wa nyumba hiyo, na tangu mama yao afe ndiye aliyekuwa akijua chumvi iko wapi. Hakusalimia. Alitoa simu.

"Mimi nimeambiwa na kondakta. Kondakta, baba! Ananiuliza, wewe si wa Bwera, ni mtoto gani huko kwenu ameleta ebola? Nikamwambia sijui. Kumbe ni sisi. Iko kwenye wasap ya wazazi, iko kwenye wasap ya kanisa, watu wanatumiana."

"Kikorongo imefika?"

"Imefika kabla yangu."

Phionah alikuwa ameketi chini na kitabu cha hesabu, akiandika kwa penseli aliyoichonga mpaka ikabaki ya kushikwa kwa kucha. Immy alimtazama, akashusha sauti. "Baba, labda tunyamaze. Mwaka kesho atafanya. Wengine wanarudia."

"Wengine wanarudia kwa sababu wameanguka," Asanasio alisema. "Huyu hajaanguka. Amesukumwa." Akavaa shati lake la kanisani.

Hedimasta Nobert Baluku alikuwa nyuma ya nyumba yake akigeuza kahawa kwenye turubai. Alipomwona fundi viatu anaingia uani, aliinua reki mbele yake kama askari wa kizuizi cha barabarani.

"Simama hapo hapo. Hapo kwenye jiwe."

Asanasio alisimama kwenye jiwe. "Hedimasta, habari ya asubuhi."

"Nzuri. Mtoto anaendeleaje?"

"Anafanya hesabu. Mimi nimekuja kwa ajili ya namba nne."

"Ile barua imekwisha toka, Bwambale. Iko na stempu."

"Biira wangu hajavuka. Nani amesema ni yeye?"

"Orodha imesema Biira, binti wa Bwambale, P.7."

"Hedimasta, wewe ni Baluku. Polisi ikisema inatafuta Baluku wa Bwera, wewe utachukua blanketi ujipeleke?"

Mke wa hedimasta, aliyekuwa akiosha sufuria mlangoni, aliinamisha uso ili asionekane anacheka. Hedimasta aliona.

"Usinifundishe kazi. P.7 yangu ina Biira wawili tu ambao baba yao ni Bwambale. Mimi sikukurupuka, nilikaa nikafikiri. Yule mwingine, wa Bwambale Sunday yule wa bodaboda, mwezi uliopita alikuwa mgonjwa wa malaria. Wiki tatu yuko kitandani. Mtu wa kitandani atavuka mpaka vipi? Basi amebaki wako, na ndivyo nilivyowaambia wazazi walioniuliza."

"Ulimuuliza wangu?"

"Ningemuuliza nini?"

"Ungemuuliza kama amevuka."

"Mtoto anaweza kusema uongo."

"Na orodha?"

Hedimasta aligeuza kahawa mara mbili bila sababu. Alikuwa amebakiza miaka miwili tu astaafu na mkaguzi wa wilaya kule Kasese hakumpenda. Barua za Ijumaa zilikuwa kinga yake: mkaguzi akija, anafunguliwa faili, barua thelathini na nne, zote zimepigwa stempu, shule inakwenda mbele. Ndani ya faili hilo hapakuwa na barua hata moja iliyosema nilikosea.

"Nenda kwa watu wa afya," alisema. "Wakiandika, na mimi nitaandika. Bila hivyo asubiri mwaka kesho. Mwaka mmoja ni nini, mtoto wa miaka kumi na tatu?"

Asanasio alimzika mke kwa sababu ya mtu mwenye koti jeupe aliyesema wasubiri Jumatatu. Hakumwambia hedimasta hilo. Aliteremka kwenye jiwe. "Mimi nitarudi," alisema.

"Ukirudi, simama hapo hapo."

*

Kanisani Jumapili walikaa benchi ya nne, Asanasio katikati ya binti zake wawili. Mpaka wimbo wa pili benchi ilikuwa yao peke yao. Ulipofika wakati wa kupeana amani, watu waligeuka kulia, wakageuka kushoto, wakapungiana mikono kwa mbali, na hakuna mkono uliofika benchi ya nne. Mzee mmoja wa kanisa alikuja akainama, akanong'ona kwamba pale nje chini ya dirisha sauti inasikika vizuri tu.

"Kama inasikika vizuri, keti wewe," Asanasio alisema, na hakunong'ona.

Phionah hakuinua kichwa mpaka ibada ikaisha. Njiani alisema, "Baba, usigombane na watu wa kanisa kwa ajili yangu."

"Sijagombana. Nimemwonyesha kiti."

Jumatatu alifunga baraza akaenda kituo cha afya. Hata hivyo kufungua hakukuwa na maana. Tangu Ijumaa mtu pekee aliyeleta kiatu alikuwa Mama Jeanine, na kiatu chenyewe kilikuwa kizima. "Shona hata kama haijapasuka," alisema. "Batu baone miye naleta viatu kwako."

Nesi Shadiah alimkaribisha ndani, akamwekea kiti. Asanasio alikitazama kiti kwanza. Zilikuwa siku tatu hajaonyeshwa kiti. Alimweleza. Shadiah alisikiliza, akavua miwani, akajifuta macho kwa kiganja kama mtu aliyechoka zamani.

"Ile orodha ni ya mwezi uliopita, muzee. Ilitoka hapa mikononi mwangu. Ikaenda Kasese, ikalala huko kwenye meza ya mtu, juzi imeamka, wameituma shuleni kama ni mpya. Wote walio kwenye ile orodha wamemaliza siku zao. Wote wazima."

"Kwa hiyo si wangu."

"Jina la mtoto wa mtu siwezi kukutajia. Nakuambia hivi tu: mimi nilikwenda nyumba moja kila asubuhi, siku ishirini na moja, kupima joto. Nyumba yako naijua iko wapi?"

"Huijui."

"Basi."

"Niandikie hayo."

"Siwezi kuandikia shule mpaka ofisi ya Kasese iseme. Ndiyo amri."

Jumanne alikwenda Kasese. Alipanda gari saa kumi na mbili asubuhi, akafika ofisini saa tatu. Karani alimuuliza anatoka wapi. Aliposema Bwera, karani alimwambia anawe mikono. Aliposema ni kwa ajili ya ile orodha, karani alimwambia anawe tena, kisha asubirie nje, pale kwenye chungu cha maua. Saa saba walimwambia mkubwa yuko semina Fort Portal. Semina ilikuwa ya jinsi ya kupeleka habari haraka kwa wananchi. Arudi baada ya wiki mbili.

Ni kwenye gari la kurudi, magoti yakiwa yamebanwa na gunia la vitunguu, ndipo Asanasio alipoyaweka pamoja maneno ya watu wawili. Hedimasta alisema wiki tatu kitandani. Nesi alisema siku ishirini na moja. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, ingawa hesabu hiyo hata P.3 wanaiweza.

*

Bwambale Sunday alikaa Mpondwe, karibu na mto, nyumba ya mabati mapya. Jumatano Asanasio alimkuta akiosha pikipiki. Waliitana kama wanavyoitana watu wa jina moja.

"Wajina."

"Wajina. Karibu." Lakini Sunday hakuacha kuosha, na alikuwa akiosha mahali palipokwisha kung'aa.

"Unajua nimekuja kwa nini."

"Nimesikia ile barua. Pole sana. Hedimasta ni mtu wa haraka."

"Malaria gani inapimwa joto na nesi kila asubuhi siku ishirini na moja?"

Kitambaa kilisimama. Mke wa Sunday alitokea mlangoni, akawatazama wote wawili, akarudi ndani. Sunday alitupa maji yote ya ndoo kwa mara moja.

"Alikwenda kumsalimia bibi yake Kasindi, ng'ambo," alisema polepole. "Jirani wa bibi akawa mgonjwa. Mtoto wangu hakumgusa hata kidole. Shadiah akasema akae ndani, tukamkalisha ndani. Tukasema malaria. Wewe ungesema nini? Mimi nabeba watu mgongoni, wajina. Nani atapanda pikipiki ya nyumba ya ebola?"

"Hakuna."

"Unaona!"

"Naona. Kwangu hakuna anayeleta kiatu."

Kuku alipita katikati yao.

"Alimaliza siku," Asanasio alisema. "Walikupa karatasi?"

"Walinipa."

"Nipe twende nayo kwa hedimasta."

"Ukimwonyesha, Ijumaa ataandika namba nne ingine. Biira, binti wa Bwambale. Safari hii wangu. Hapana, wajina. Hapana. Wako ni mzima tangu mwanzo, watu watasahau. Wangu alikuwa kule kweli."

"Wangu atakosa mtihani Jumatatu."

"Najua."

"Unajua na unaosha pikipiki."

Sunday alikunja uso kama aliyepigwa. "Usinitukane kwangu."

"Sijakutukana. Sikiliza. Jana ningesimama sokoni nikasema ni wa Sunday, muulizeni ile malaria. Watu wangeamini kabla sijafunga mdomo. Sikusema. Hata nyumbani sijasema, binti zangu wanafikiri nimekwenda kununua gundi. Kesho saa mbili nitakuwa ofisini kwa hedimasta. Jina la mtoto wako halitatoka mdomoni mwangu, hata akinifukuza. Lakini nitakuwa pale."

Aliondoka bila kupeana mkono. Sunday alibaki na kitambaa, na kutoka ndani ya nyumba mkewe akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza chumvi, "Ile karatasi uliiweka wapi?"

*

Alhamisi hedimasta alikuta watu watatu kwenye ngazi ya ofisi yake: Asanasio, Phionah katika sare iliyopigwa pasi, na Mama Jeanine na beseni lake, kwa sababu alisema mutu hawezi kwenda mbele ya mukubwa bila shahidi.

"Nilisema mtoto asikanyage hapa!"

"Hedimasta, bonjour," alisema Mama Jeanine. "Nimekaa na huyu mutoto pa soko kila siku ya Mungu. Ningekufa miye wa kwanza. Niangalie. Nimekonda?"

Hakuwa amekonda. Waalimu wawili waliokuwa wakipita walikohoa ndani ya mikono yao.

"Mama, hii ni ofisi ya serikali."

"Njo maana nimevaa viatu."

Asanasio alisema, "Nesi Shadiah ameniambia orodha ni ya mwezi uliopita. Tazama tarehe."

"Tarehe ipo, nimeiona."

"Isome hapa."

Hedimasta hakutaka kufungua faili mbele ya fundi viatu, lakini waalimu walikuwa wamesimama. Alifungua. Alisoma kimya. Alifika chini, akarudi juu. Wote walimwona akirudi juu.

"Hata kama ni ya zamani," alisema, "mimi najuaje kwamba wako amemaliza siku? Lete karatasi ya kumaliza."

"Mtu ambaye hakuanza atapewa vipi karatasi ya kumaliza?"

"Basi ndiyo hivyo. Na usiponiondokea hapa nitaita afande."

"Mwite. Mimi nitakaa."

Na akakaa, palepale kwenye ngazi, akamvuta Phionah akakaa. Kengele ya kipindi cha kwanza ililia, kisha ya pili. Watoto walipita wakizunguka mbali, wakitazama. Phionah alitoa kitabu akaanza kusoma, lakini hakugeuza ukurasa hata mmoja. Asanasio alitazama njia. Mara tatu pikipiki zilipita na mara tatu hazikupinda.

Ya nne ilipinda. Sunday aliizima langoni, akaikokota kwa mkono hadi ngazini, ingawa angeweza kuja nayo inanguruma. Nyuma yake alitembea binti yake, mwembamba, mrefu kuliko baba. Sunday alitoa ndani ya koti karatasi iliyofungwa kwa nailoni.

"Hedimasta, huyu ndiye Biira wa Bwambale wa kwenye orodha. Hii ndiyo karatasi. Amemaliza siku zake tangu mwezi uliopita, na wewe mwenyewe umemfundisha wiki mbili sasa tangu arudi. Umekufa?"

Hedimasta alisoma. Uso wake ulipitia mambo mengi. Hakusema pole.

"Mlinidanganya na malaria."

"Tulikudanganya," alisema Sunday. "Tuadhibu sisi, si watoto."

"Wewe wajina," Asanasio alisema. Alisimama. "Wasingya," alisema tu, asante ya nyumbani, na Sunday akatikisa kichwa akitazama pembeni.

"Basi," hedimasta alisema, akifunga faili. "Mtoto aje kesho, ndiyo siku ya maelekezo ya mtihani. Yamekwisha."

"Haijakwisha. Barua."

"Bwambale, usizidishe. Nikiandika nilikosea, watu wa Kasese watasema hedimasta hajui kusoma tarehe."

"Usiandike ulikosea. Hiyo ibaki kati yako na Mungu. Andika hakuna mtoto hata mmoja wa shule hii mwenye siku za kukaa nyumbani. Usitaje jina la mtu. Si langu, si la huyu. Na uandike Kiswahili, kwa sababu ile ya kwanza wengi waliielewa kwa kusimuliwa na kila msimuliaji aliongeza lake."

Hedimasta alimtazama mtu huyu wa P.3 kwa muda. Kisha alichukua kalamu. Aliandika mistari minne, akapiga stempu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akampa mwalimu mmoja aipige picha aitume kwenye wasap zote alizotuma ile ya kwanza.

"Na ya kanisa," Phionah alisema. Ilikuwa mara ya kwanza afungue mdomo.

"Na ya kanisa," hedimasta alisema.

*

Ijumaa Asanasio alimsindikiza binti yake mpaka darasani. Barua ya mistari minne ilikuwa imefika kila mahali. Njiani watu wawili walisalimia na mmoja aliuliza bei ya soli. Lakini walipokata kona ya jengo la P.7 waliona dawati limewekwa nje, barazani, peke yake, limeelekezwa ukutani. Juu yake, kwa chaki, namba ya mtihani ya Phionah.

Hedimasta alitoka mlangoni akipangusa mikono. "Ni kwa kutuliza wazazi wachache. Wamenipigia simu usiku kucha. Atasikia kila kitu kupitia dirisha. Na hapa kuna hewa."

"Yule mwingine yuko wapi?" Asanasio aliuliza.

Yule mwingine alikuwa ndani, mstari wa pili. Watu hawakuisoma barua ya kwanza kuwa ni yeye, na wale wazazi wachache walimwogopa waliyekwisha kuzoea kumwogopa.

Asanasio aliweka mkoba wa binti yake chini. Alikuwa amekuja na mkono mmoja wenye kidonda cha kisu cha kukatia tairi, lakini alishika dawati kwa mikono yote miwili.

"Baba, acha," Phionah alisema.

"Nitauvunja mlango nikilazimika."

"Acha, baba. Nitabeba mwenyewe. Ni langu."

Lilikuwa dawati la mbao ngumu, la watoto wawili, na benchi yake imepigiliwa humo humo. Aliinua upande mmoja, upande mwingine ukabaki chini ukikwaruza saruji. Alilikokota hatua moja. Ndani, watoto arobaini na tatu walisikia mkwaruzo huo na kugeuza shingo. Alilikokota hatua ya pili, akapumua, akashika upya.

Msichana mwembamba mrefu aliinuka mstari wa pili. Alipita katikati ya wenzake, akatoka mlangoni, akapita chini ya mkono wa hedimasta uliotaka kumzuia, akainama akashika upande wa pili wa dawati.

"Biira!" hedimasta aliita.

Wasichana wote wawili walisikia. Hakuna aliyegeuka. Walihesabu pamoja, moja, mbili, tatu, dawati likaacha sakafu, na hedimasta akalazimika kujibana kwenye mwimo wa mlango ili lipite. Waliliweka mstari wa pili. Watoto wa pembeni walisogeza madawati yao. Mmoja alisogeza mbali, wengine walisogeza kiasi cha kupisha tu. Phionah alifuta chaki kwa kiganja, akaandika namba yake upya kwa mwandiko wake, akaketi. Mwenzake aliketi dawati la jirani. Walikuwa wakihema.

Asanasio aliukabidhi mkoba dirishani, ukapita mkono kwa mkono mpaka ukamfikia mwenyewe. Kisha akamgeukia hedimasta, aliyekuwa bado amebanana na mlango.

"Ingia, hedimasta. Waelekeze watoto. Mtihani ni Jumatatu."